Historia fupi ya maji ndani ya tarakilishi

Ukitazama bahari ikichafuka kwenye filamu, au damu ikimwagika kwenye mchezo wa tarakilishi, mara nyingi unachokiona ni chembe. Maelfu ya chembe, pengine mamilioni, zinazosukumana ndani ya programu. Leo nataka tufuate historia ya programu hizo. Ni historia ya ajabu kidogo, kwa sababu ilianzishwa na watu ambao hawakuwa na haja na maji hata tone. Na kwa karibu miaka 50 kazi kubwa imekuwa ile ile: kuzizuia chembe zisilipuke, bila kuzifundisha kusema uongo.

Haya, tuanze mwaka 1977. Mwaka huo zilitoka makala mbili kuhusu wazo moja. Ya kwanza iliandikwa na Leon Lucy, ya pili na Robert Gingold na Joe Monaghan. Wote walikuwa watu wa nyota. Lucy alitaka kujua kama nyota changa inayozunguka kwa kasi inaweza kugawanyika ikawa mbili. Njia iliyozoeleka ilikuwa kugawa nafasi yote katika gridi, kama daftari la hesabu lenye miraba, kisha kukokotoa presha na kasi katika kila mraba. Lakini nyota inayogawanyika haifuati miraba ya mtu. Sehemu kubwa ya gridi inabaki tupu, na tarakilishi inapoteza muda kuhesabu utupu. Basi wakaitupa gridi, wakaamua kuifuata gesi yenyewe popote inapokwenda.

Wazo lenyewe ni rahisi. Kila chembe inabeba uzito wake na inawaangalia majirani. Jirani wa karibu anahesabiwa sana, wa mbali anahesabiwa kidogo, na aliye nje ya duara fulani hahesabiwi kabisa. Kanuni inayoamua nani ahesabiwe kiasi gani inaitwa keneli. Ukijumlisha unapata msongamano. Kutoka kwa msongamano unapata presha, na kutoka kwa presha unapata nguvu ya kusukumana. Njia hii inajulikana kwa herufi SPH. Uzuri wake ni kwamba uzito haupotei kamwe, maana chembe hazipungui. Tena ukiziandika nguvu kwa ulinganifu, yaani A amsukume B sawasawa na B anavyomsukuma A, momenta pia haipotei.

Sasa tuje kwenye matatizo.

La kwanza lilikuwa migongano. Mikondo miwili ya gesi ikikutana kwa kasi, chembe za upande mmoja zilipenya katikati ya zile za upande wa pili kana kwamba hakuna kitu. Mwaka 1983 Monaghan na Gingold walitumia mnato wa bandia: chembe mbili zikikaribiana kwa kasi, zinapunguzwa mwendo. Dawa ilifanya kazi, lakini ina madhara. Ukizidisha kipimo, maji yanageuka uji. Hapa ndipo unapoiona kwa mara ya kwanza biashara ambayo haijaisha hadi leo: unanunua uthabiti, unalipa kwa usahihi.

Mwaka 1994 Monaghan aliitumia SPH kwa maji yenye uso ulio wazi. Tatizo la maji ni kwamba hayagandamiziki kirahisi, na sauti husafiri ndani yake kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde. Kuna sheria ya Courant, Friedrichs na Lewy ya mwaka 1928 ambayo kila mwandishi wa programu za aina hii huipigia magoti: katika hatua moja ya muda, habari isisafiri zaidi ya umbali kati ya chembe na chembe. Piga hesabu mwenyewe. Chembe zikiwa sentimita 1 mbalimbali, hatua moja haiwezi kuzidi sehemu moja ya 150,000 ya sekunde. Utazeeka ukisubiri. Ujanja wa Monaghan ulikuwa kutumia kasi ya sauti ya uongo, takriban mara 10 ya kasi kubwa ya maji yenyewe. Maji yakienda mita 3 kwa sekunde, sauti inapewa mita 30, na hatua zinapungua mara 50. Gharama yake ni msongamano kubadilika kwa takriban asilimia 1. Huo ni uongo, lakini ni uongo unaojulikana ukubwa wake, na hiyo ndiyo tofauti.

Jaribio lililokuja kuwa mtihani wa kila mtu ni bwawa linalopasuka: nguzo ya maji nyuma ya ukuta, kisha ukuta unaondolewa ghafla. Kwenye skrini linapendeza. Sisi Wakenya tunajua kwamba nje ya skrini si mchezo; Mei 2018 bwawa lilipasuka Solai, kaunti ya Nakuru, na zaidi ya watu 40 wakafa.

Mwaka 1995 ulileta habari mbaya. Swegle, Hicks na Attaway wa maabara ya Sandia, Marekani, walionyesha kwamba kitu kikivutwa badala ya kugandamizwa, chembe zake zinaweza kukusanyika mafungu mafungu zenyewe. Kupunguza hatua ya muda hakusaidii. Mnato wa bandia hauponyi. Chanzo kimo ndani ya umbo la keneli lenyewe likikutana na mvuto huo. Mwaka 2000 Monaghan alipendekeza nguvu ndogo ya kusukuma pale chembe zinapokaribiana mno. Ugonjwa wa jirani, wa chembe kujipanga jozi jozi, ulipata jibu zuri mwaka 2012: Dehnen na Aly walionyesha kwamba keneli za Wendland, mwanahisabati aliyezichapisha mwaka 1995, haziugui ugonjwa huo hata majirani wakiwa wengi.

Watu wa michezo nao walikuwa wameingia. Mwaka 2003 Müller, Charypar na Gross, kutoka Zürich, walionyesha SPH ikienda kwa kasi ya kutosha mtu kuchezea maji kwa mkono wake. Ila maji hayo yalidundadunda kama mpira. Mwaka 2009 Solenthaler na Pajarola wakaja na njia ya kubashiri na kusahihisha: kisia chembe zitakuwa wapi, pima kosa la msongamano, rekebisha presha, rudia hadi kosa liwe dogo. Mwaka 2013 Macklin na Müller wakasogeza chembe moja kwa moja mahali zinapopaswa kuwa. Njia yao ni tulivu hata kwa hatua kubwa, ila ugumu wa maji unategemea umerudia marekebisho mara ngapi. Mwaka 2015 Bender na Koschier wakasahihisha msongamano na kasi vyote viwili.

Kwa maoni yangu, fundisho la historia hii ni moja. Programu inayolipuka angalau inakuambia kuna kasoro. Ya kuogopa ni ile inayotulia na kukupa jibu baya kwa upole. Kwa mchezo, hilo si neno. Lakini wahandisi wanatumia DualSPHysics, programu huria ya SPH, kuchunguza mawimbi yanayopiga kuta za pwani. Huko uso mzuri wa maji hautoshi. Nambari ya presha ukutani ndiyo inayoamua ukuta ujengwe unene gani. Kwa hiyo punguza umbali wa chembe kwa nusu uone kama jibu linabaki pale pale. Si bure: katika vipimo vitatu chembe zinakuwa mara 8, hatua mara 2, kazi mara 16. Kisha linganisha na maji halisi yaliyopimwa.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, anza na vipimo viwili, na usikimbilie bwawa. Jaza tanki, liache. Maji kusimama kimya ni mtihani mgumu kuliko unavyodhani: uso usitetemeke, kina kisipungue, na presha iongezeke kwa usawa kadiri unavyoshuka chini. Ukifaulu hapo, ndipo uvunje ukuta.