Ukomo wa Madeni

Katika ajenda za mkutano mkuu wa chama cha ushirika Tanzania, jirani na makisio ya mapato na matumizi, huwamo "kuidhinisha ukomo wa madeni". Mikono hunyooshwa, ajenda hupita. Mwanachama aliyezoea kwamba ukomo wa safari ni mwisho wake anaweza kurudi nyumbani akiamini chama kimeacha kukopa. Kumbe kimejipa nafasi ya kukopa, ila kwa kiwango kisichopaswa kuvukwa.

Kiwango hicho bodi hukipendekeza, wanachama hukipitisha, kisha hupelekwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika apate kukiridhia. Ndiyo maana benki, kabla ya kuikopesha AMCOS (chama cha ushirika wa mazao) fedha za pembejeo, hutaka muhtasari wa mkutano pamoja na kibali cha Mrajis. Na madeni ya zamani yamo ndani ya hesabu. Tuseme ukomo ni shilingi milioni 80, na chama bado kinadaiwa milioni 30 za msimu uliopita: kilichobaki cha kukopa ni milioni 50.

Tatizo ni kwamba neno hili lina ndugu. Dhima yenye ukomo inahusu mfuko wa mwanachama: chama kikifilisika, hadaiwi zaidi ya thamani ya hisa zake. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inahusu muda: dai la mkataba, kwa kawaida, lifunguliwe ndani ya miaka 6. Anayechanganya maana hizi atawaambia wenzake kwamba deni "lililofika ukomo" halilipwi tena, kumbe maana yake ni kwamba chama hakina pa kukopea zaidi.

Mkulima angeelewa upesi zaidi "kikomo cha kukopa", nami kwa muda mrefu nimelipendelea hilo. Lakini mkopo ni neno jembamba. Bodi ingechukua mbolea kwa mali kauli, kisha ikasimama mbele ya mkutano na kudai haijakopa hata senti. Neno madeni halimwachii mtu mwanya huo. Na tangu marekebisho ya 2021 yalipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria Tanzania, mwanya wa aina hiyo ndio wakili atakaoutafuta kwanza.