Barabara ya Mombasa hadi Malindi na Miji ya Wavuvi

Barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi, yenye urefu wa takriban kilomita 120, inapita katika mwambao uliokuwa na miji karne nyingi kabla ya gari kufika, na ndiyo maana msafiri asiyekata kulia kuelekea baharini huipita miji kama Takaungu na Watamu bila kuiona. Miji hiyo iliipa bara kisogo, kwa kuwa njia yake kuu ilikuwa maji, na ratiba yake ilipangwa na kusi, upepo wa kusini uvumao kwa nguvu katikati ya mwaka, na kaskazi, upepo mwanana unaoanza mwishoni mwa mwaka.

Tofauti hiyo kati ya njia ya maji na barabara inaonekana wazi zaidi kwenye hori, yaani mikono ya bahari iingiayo bara. Kwa baharia, hori ya Kilifi ilikuwa kimbilio tulivu, na juu ya ukingo wake ukasimama mji wa Mnarani. Kwa mjenzi wa barabara, hori hiyo hiyo ilikuwa kikwazo. Nyali ilipata daraja lililoelea juu ya maboya mwaka 1931. Mtwapa ilivukwa kwa pantoni iliyovutwa kwa minyororo na wanaume walioimba kazini, na Kilifi ilisubiri daraja lake hadi 1991. Takaungu, walikohamia baadhi ya Wamazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, baada ya Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, kuwatoa huko mwaka 1837, iko kwenye hori yake ndogo, na hadi leo inafikiwa kwa njia ya kando.

Uvuvi wenyewe ulibadilika barabara ilipokamilika. Awali samaki wa malema, mitego iliyofumwa kwa fito, na wa uzio, mtego wa vijiti unaonasa samaki maji yanapokupwa, waliliwa kijijini, na waliobaki walipasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa kuwa ng'onda iliyosafirishwa kwa mashua. Barafu na malori vilimleta tajiri, mfanyabiashara anayemkopesha mvuvi nyavu na kununua samaki wake, huku samaki wadogo wakiachiwa akina mama karanga, wanawake wanaowakaanga na kuwauza mitaani. Katika msimu wa kaskazi wavuvi kutoka Pemba bado huja kupiga dago, yaani kambi ya muda ufukoni, na mwendo huo wa kale haukuhitaji lami.

Mwaka 1968 maeneo ya bahari ya Malindi na Watamu yalifanywa hifadhi, na matumbawe yakapata ulinzi uliostahili, ingawa wavuvi walipoteza sehemu walizozijua tangu enzi za mababu zao. Gedi, mji wa mawe ulioachwa msituni karibu na Watamu, uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, heshima ya haki kabisa; lakini ujuzi wa kufuma lema na kusoma maji, ambao ungali hai kilomita chache kutoka hapo, haujatunzwa kwa bidii kama ile inayotumika kulinda kuta.

Malindi, iliyompeleka twiga China mwaka 1415 na kumpokea Vasco da Gama mwaka 1498, si mwisho wa safari. Kaskazini yake, baada ya Mambrui, iko Ngomeni, kijiji cha wavuvi ambacho mwaka 1970 setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa lililosimikwa katika bahari yake.