Malindi Inasikiliza, Malindi Haisemi

Mwaka wa 1970 kulifanyika mambo mawili huku Pwani ambayo watu hawayaweki pamoja, na mimi nayaweka.

La kwanza, tarehe 12 Desemba, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, pale baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutafuta eksirei zinazotoka angani, kwenye nyota. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano wa Chuo Kikuu cha Roma, setilaiti ilikuwa ya NASA ya Marekani, na kwa vile siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, wakaiita Uhuru. Ikafanya kazi mpaka 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake ni kati ya vilivyowafanya wanasayansi waamini kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 ni shimo jeusi.

La pili, mwaka huohuo kituo cha televisheni kilifunguliwa Mombasa. Kazi yake kubwa ilikuwa kupokea picha za Nairobi na kuzirusha huku kwetu.

Hebu ziangalie hizo mbili. Kutoka Ngomeni watu walikuwa wanasikiliza shimo jeusi lililo mbali kiasi kwamba hata mwanga wake unachukua maelfu ya miaka kufika. Lakini mvuvi wa hapo Ngomeni akitaka kuwaambia watu wa Takaungu au Ganze jambo lolote, hakuwa na maiki. Alikuwa na masikio tu.

Nimekuwa nikisoma historia ya redio na runinga huku Pwani, manake mimi kazi yangu ni hii ya video na nilitaka kujua nani alitangulia. Na kuna kitu kinajirudia mpaka kinakera. Kila mara Pwani ilipopewa maiki, ilikuwa ni kwa sababu kuna mtu nje aliogopa tunachosikiliza. Hofu ilipoisha, maiki ikarudi kwa mwenyewe.

Tuanze mwanzo. Redio ilifika Nairobi mwaka wa 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya masetla waliotaka kusikia habari za kwao. Mwafrika hakuwa kwenye hesabu. Ilibidi Vita vya Pili vya Dunia vije, vijana wetu wapelekwe kupigana Burma na Ethiopia, ndipo serikali ya kikoloni ikaona haja ya kuzungumza na familia zao kwa lugha wanazoelewa. Hapo ndipo lugha zetu zikaingia hewani, kwa mlango wa vita.

Halafu 1952 ikatangazwa hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau. Mwaka uliofuata ikaundwa idhaa ya Waafrika, yenye Kiswahili, Kikuyu, Kijaluo, Kikamba na nyinginezo. 1954 ikaja Kenya Broadcasting Service, na ndani yake vituo vitatu vya mikoani: kimoja Nyeri, kimoja Kisumu, na cha Mombasa kilichoitwa Sauti ya Mvita. Sidhani ni bahati kwamba wakoloni walipenda redio za mikoa wakati ambapo hawakutaka mikoa izungumze pamoja.

Na huku Pwani hofu yao ilikuwa na jina. Mwaka huohuo wa 1954 Radio Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili. Misri ya Gamal Abdel Nasser ilikuwa inamtukana Mwingereza hadharani, na waliokuwa wakisoma matangazo yale ni Waswahili wenyewe, vijana kutoka Zanzibar. Fikiria baraza la wazee, redio moja, wanaume kumi, na sauti kutoka Cairo inasema kwa Kiswahili fasaha kwamba mkoloni ataondoka. Mpaka 1957 hata BBC nayo ikafungua idhaa ya Kiswahili kutoka London. Sote tunaambiwa BBC ilikuja kutuhabarisha. Sawa, lakini tarehe zinasema kulikuwa na mashindano, na sisi tulikuwa uwanja wa mpira.

Hata hivyo, Sauti ya Mvita ilifanya kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Maiki ikishawekwa mezani, watu huileta dunia yao. Ikaingia taarab, yakaingia mashairi, ikaingia Qur'ani, zikaingia habari kwa Kiswahili cha watu wa Mombasa wenyewe, wala si kile cha kitabu. Mtu aliimba usiku harusini, kesho jina lake linasikika redioni, na watu wa Lamu na Malindi wanalijua. Waimbaji walikuwa wanajulikana kwa redio kabla ya mtu kuona sura yao. Leo tunaita hiyo kupata wafuasi.

Lakini nisiipambe sana. Jina lenyewe lilikuwa limeshasema ni sauti ya nani. Mvita ni Mombasa, tena Mombasa ya mji wa kale. Mgiriama wa Bamba anayelima mahindi kwenye ukame, Mduruma, Mchonyi, hao walisikiliza mji ukizungumza na mji. Hii tabia ya kudhani Pwani ni Mombasa, na sisi wengine ni barabara ya kwenda Mombasa, haikuanza na wanasiasa wa juzi.

Na hiyo tofauti ilikuja kuwa siasa kubwa. Kumbuka ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulihesabiwa mali ya Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akiutawala kwa makubaliano. Uhuru ulipokaribia, kulikuwa na waliotaka Mwambao ujitenge. Kulikuwa na Ronald Ngala, mtoto wa Kilifi hii, aliyetaka Pwani ibaki Kenya lakini iwe na mamlaka yake kwa mfumo wa majimbo. Mwambao ulizikwa na mkataba wa Oktoba 1963. Majimbo yalipatikana kwenye katiba ya 1963, yakafa mwaka uliofuata, na chama cha Ngala, KADU, kikavunjwa Novemba 1964.

Na redio? Redio nayo ni 1964. Bunge lilipitisha sheria, shirika la utangazaji likavunjwa, ikazaliwa Voice of Kenya, idara ya serikali. Mwaka mmoja, majimbo chini, redio Nairobi. Ukiuliza wazee kwa nini Sauti ya Mvita imebaki kuwa hadithi, watakujibu kwa kumbukumbu za nyimbo. Jibu la sheria liko hapo kwenye 1964.

Ngoja lakini, hapa kuna mtu lazima nimtaje, manake bila yeye hadithi hii inakuwa ya kulalamika tu. Leonard Mambo Mbotela. Alizaliwa Freretown, Mombasa, mwaka wa 1940, akafariki Februari 2025, na kila Mkenya anaijua sauti yake hata kama hajui jina. Kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana?, kilianza 1966 na kikaendelea miongo na miongo. Kijana wa Pwani anaiuliza Kenya nzima, wiki baada ya wiki, kama tabia zake ni za kiungwana.

Sasa sikiliza. Freretown ni makazi yaliyoanzishwa na wamishonari miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Babu yake Mbotela alikuwa mmoja wa hao. Baba yake, James Mbotela, aliandika kitabu kilichochapishwa 1934 kinachoitwa Uhuru wa Watumwa. Na huku Pwani neno mwungwana, kabla halijawa mtu mwenye adabu, lilimaanisha mtu huru, asiye mtumwa. Kwa hivyo mjukuu wa mtumwa ndiye aliyekaa kwenye maiki ya taifa akapima ungwana wa watu wengine wote, pamoja na wale ambao babu zao walikuwa wakijiita waungwana. Sijui kama wasikilizaji wa Nairobi waliisikia hiyo. Mimi naiona ni mojawapo ya mambo matamu kabisa kuwahi kutokea kwenye redio ya Kenya, na ilimbidi akalifanyie Nairobi. Huko huko ndiko alikochukuliwa na wanajeshi tarehe 1 Agosti 1982 akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Maiki moja, ukiishika umeshika nchi.

Miaka ya tisini soko likafunguliwa, zikaja FM. Pwani zikajaa: Pwani FM ya KBC, Baraka FM, Bahari FM, Radio Rahma, Radio Salaam, Radio Kaya, Msenangu FM. Na nitakuwa mwongo nikisema hazikuleta kitu. Kigiriama na Kidigo vilisikika hewani, mahubiri yakasikika, salamu zikasomwa, mnaijua raha ya kusikia jina la mama yako likitajwa redioni. Lakini angalia vituo vingi vimekaa wapi. Kutoka Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120, na mtangazaji hazifuati kila siku kuja kuuliza kwa nini maji hayapo Magarini. Kanuni za utangazaji nazo zinataka asilimia 40 ya vipindi viwe vya humu nchini, na humu nchini ni Kenya yote. Kituo kikijaza saa zake na vichekesho vya Nairobi, kimetii sheria.

Kwenye runinga ni hivyohivyo, ila kwa urembo. Pwani inauza. Tamthilia ya Sultana, iliyoanza Citizen TV mwaka wa 2022, iliwaweka watu sebuleni nchi nzima, na lafudhi ya Pwani ikawa kitu cha kuigwa. Nilifurahi, nakiri. Ila Pwani ya tamthilia ina mashua, buibui, nyumba nyeupe na jini mmoja wa dharura. Mkonge wa Vipingo, maskwota wanaongoja hati za mashamba, wazee wanaouawa kwa kusingiziwa uchawi kwa sababu tu wana mvi, hao hawana sehemu.

Mtu ataniambia hakuna pesa, soko la lugha ndogo halipo. Basi twende Scotland kidogo. Kule kuna lugha inaitwa Kigaeli. Kwenye sensa yao ya 2011, wanaoizungumza walikuwa kama 57,000. Watu hao wana redio yao, na tangu Septemba 2008 wana chaneli yao ya televisheni, BBC Alba, yenye habari, watoto, mpira na muziki, wiki nzima. Haikuanguka kutoka mbinguni. Walipiga kelele miaka mingi, na sheria ya utangazaji ya 1990 ikatenga fungu la vipindi vya lugha yao. Wamijikenda kwenye sensa yetu ya 2019 ni karibu milioni 2.5. Na mwaka huohuo wa 2008 UNESCO iliziweka kaya zetu kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wao walipata chaneli, sisi tukapata cheti cha misitu.

Halafu kuna jambo ambalo hapa Malindi tukilifikia watu hubadilisha mada. Kuna mtu wa hapahapa aliyejua thamani ya kamera. Mahubiri ya Paul Mackenzie ya kukataa shule na hospitali yalirushwa kwenye chaneli iliyoitwa Times TV na kwenye YouTube. Aprili 2023 msitu wa Shakahola ukaanza kufukuliwa, na miili iliyotolewa ilipita 400. Novemba mwaka huo mahakama ya Malindi ilimpata na hatia ya kuonyesha filamu na kuendesha studio bila leseni, akapewa miezi 12 jela. Kesi za vifo ni nyingine na ziko mahakamani. Sisemi redio ya kijiji ingeizuia Shakahola. Wengi wa waliokufa walitoka mbali, mikoa mingine kabisa. Nasema tu kwamba kwa miaka kadhaa, studio ya Malindi iliyokuwa ikisikika nje ya Malindi ilikuwa ile.

Kwa hivyo nikifikiria wiki moja ya vipindi vya hapa, sifikirii tamasha. Nafikiria asubuhi mtu anasema leo ni maji ya bamvua, bei ya nguru Mayungu ni hii. Nafikiria taarifa ya bunge la kaunti ambalo tunalilipa na hatulisikii. Mahakama ya Malindi, kesi za mashamba, zikielezwa kwa Kigiriama ili mwenye shamba aelewe anaposhindwa. Matangazo ya vifo, manake huku matanga hayangoji. Ijumaa khutba, Jumapili kanisa, na katikati mtu anayeruhusiwa kuwauliza shehe na pasta maswali. Usiku wa Jumamosi, taarab ya zamani halafu mwanzele, moja baada ya nyingine, watu wazoee.

Vijana mtaniambia si tuna simu. Tunazo, na mimi ndizo zinanilisha. Lakini nikiweka video ya Sheng inapaa, nikiweka ya Kigiriama inakaa pale na watu wa kijiji chetu, na hakuna anayenieleza kwa nini. Anayeamua hayuko Nairobi tena, yuko mbali zaidi, na hata jina la kumtukana sina.

Sasa ombi. Kama nyumbani kwenu kuna kaseti ambazo babu au nyanya alirekodi kutoka redioni, taarab, mashairi, salamu, hata tangazo la msiba, usizitupe na usirekodi juu yake. Niandikie. Ninayo mashine ya kaseti inayofanya kazi, Malindi nakuja mwenyewe, Kilifi pia, na Ganze nikipata nauli.