Jotoardhi: Tugawane Mitambo au Maarifa?

Tunapodai kwamba nchi tajiri zigawane teknolojia safi na nchi zinazoendelea, mara nyingi tunafikiria mashine tu. Historia ya jotoardhi, yaani nishati itokanayo na joto lililo chini ya ardhi, inatufundisha zaidi ya hapo.

Afrika ilianza kuzalisha umeme wa aina hii mwaka 1952 huko Kiabukwa, Katanga, wakati Kongo ikitawaliwa na Wabelgiji. Mtambo ulikuwa mdogo, wa kilowati 200 hivi, ukitumia maji ya moto kwa mahitaji ya mgodi. Ulipozimika, haukufuatwa na mwingine nchini humo.

Nchini Kenya mambo yalikwenda tofauti. Visima viwili vya kwanza vya Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha, vilichimbwa mwaka 1956, lakini matokeo hayakuridhisha. Katika miaka ya 1970 Serikali iliirudia kazi hiyo kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15, uliotengenezwa Japani, ulianza kazi. Kufikia mwaka 1985 mitambo ilikuwa mitatu.

Hata hivyo, mitambo peke yake isingetosha. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilianzisha mafunzo ya jotoardhi ya miezi sita nchini Iceland. Wakenya wengi walikwenda, wakajifunza kuchunguza miamba, kupima visima na kuchagua mahali pa kuchimba. Kuanzia mwaka 2005 kozi fupi zilifanyika Kenya kwenyewe, zikihudhuriwa na Waafrika wa nchi nyingine. Kufikia mwaka 2021 kampuni ya KenGen ilikuwa imepata kandarasi za kuchimba visima Ethiopia na Jibuti. Mwanafunzi amekuwa fundi wa majirani zake.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mtambo usio na fundi wa nyumbani ni nguo ya namna hiyo.

Uganda ina Katwe na Buranga. Tanzania ina Ngozi, Mbeya. Rwanda ilianza kuchimba Karisimbi mwaka 2013 bila mafanikio. Mafundi wa nchi hizi wanaweza kufundishana kwa Kiswahili, iwapo istilahi zipo. Neno “jotoardhi” tunalo tayari. Yaliyobaki ni kazi yetu, walimu na wanafunzi wa lugha hii.