Yi Wan-yong na Sahihi Iliyozika Dola

Nasaba ya Joseon ilikuwa imeitawala Korea tangu mwaka 1392, chini ya kivuli cha China, pale Yi Wan-yong alipozaliwa mwaka 1858. Alikuwa na miaka 17 Japani ilipoilazimisha Korea kufungua bandari zake kwa mkataba wa Ganghwa. Mwaka 1882 alifaulu mtihani wa watumishi wa mfalme; baadaye akajifunza Kiingereza, akapelekwa Washington katika ubalozi wa kwanza wa nchi yake huko.

Alirudi akiwa mtu wa Marekani. Baada ya Wajapani kumuua Malkia Min mwaka 1895, Yi alikuwa miongoni mwa waliomtorosha Mfalme Gojong hadi ubalozi wa Urusi, Februari 1896. Sasa akawa mtu wa Urusi. Mwaka huohuo akawa miongoni mwa viongozi wa Klabu ya Uhuru, iliyojenga Lango la Uhuru jijini Seoul, mahali palipokuwa na lango la kuwalaki wajumbe wa China. Wanaomlaani hupenda kulipita jambo hili haraka, nami naona ndilo kiini chake. Hakuzaliwa kibaraka wa Japani. Alikuwa bendera tu, na pepo zilikuwa nyingi.

Japani ilipoishinda Urusi mwaka 1905, ukabaki upepo mmoja. Novemba 17, askari wa Japani wakiwa wameizingira kasri, mjumbe wa Japani Ito Hirobumi aliwahoji mawaziri mmoja mmoja kama wanaukubali mkataba wake. Waziri mkuu Han Gyu-seol alikataa. Yi, waziri wa elimu, alikubali pamoja na wenzake wanne, na mambo ya nje ya Korea yakahamia Tokyo. Wakorea wangali wanawaita wasaliti watano. Mwaka 1907, sasa akiwa waziri mkuu, alimshinikiza Gojong aachie kiti kwa sababu mfalme huyo alituma wajumbe wa siri The Hague. Wananchi wakaichoma moto nyumba ya Yi. Jeshi likavunjwa Agosti 1.

Desemba 22, 1909, kijana Yi Jae-myeong alimchoma kisu nje ya kanisa la Myeongdong. Waziri mkuu alikuwa anatoka kwenye ibada ya kumwombea marehemu mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyewahi kuitawala Kongo; msomaji wa Kongo na aipime mwenyewe sadfa hiyo. Kijana alinyongwa. Waziri alipona, na Agosti 22, 1910 akatia sahihi mkataba wa Korea kumezwa na Japani. Alilipwa fedha na cheo cha ukabaila. Umma ulipoandamana kudai uhuru mwaka 1919, aliuonya magazetini utulie. Alikufa mwaka 1926, tajiri.

Uhuru ulikuja 1945, lakini kamati ya kuwashtaki vibaraka ilizimwa mwaka 1949, kwa kuwa serikali ya Rais Syngman Rhee wa Korea Kusini iliwategemea polisi waliolelewa na mkoloni. Mwaka 1979 wazao wa Yi walilifukua kaburi lake huko Iksan, wakayateketeza mabaki. Sheria ya kutaifisha mali za vibaraka ilipitishwa mwaka 2005, na mashamba yaliyotolewa kama zawadi yakaanza kufuatiliwa hati kwa hati.