Shilingi ya Baharia

Huenda ukadhani, msomaji, kwamba hazina ya Serikali ikipungukiwa, mwenye kuumwa kichwa ni waziri wa fedha peke yake. Basi tazama Uingereza ya mwaka 1931. Biashara ilikuwa imezorota, kodi zimepungua, na kamati ya wachunguzi ikabashiri upungufu wa pauni milioni 120. Serikali ikaazimia kupunguza mishahara. Walimu wakatiwe asilimia 15. Na baharia wa daraja la chini, aliyeingia kazini kabla ya 1925 kwa shilingi 4 kwa siku, sasa apate 3. Robo nzima! Wakubwa wake walikatwa kiasi cha sehemu moja ya kumi.

Wengi wa mabaharia walizipata habari hizo magazetini. Walikuwa na wake, watoto, na nyumba za kulipia. Tarehe 15 Septemba, huko Invergordon, Scotland, manowari kubwa kadhaa zilizoamriwa kwenda mazoezini hazikung'oa nanga.

Serikali ikalegea, makato yao, na ya walimu pia, yakashushwa hadi asilimia 10. Lakini wageni walioweka fedha London waliingiwa na hofu, wakazidi kuziondoa. Tarehe 21 Septemba pauni, ambayo makato yale yalikusudiwa kuilinda, iliachana na dhahabu, nayo shilingi ya Afrika ya Mashariki, iliyofungamana nayo, ikafuata.