Kengeleni: Mtaa wa watumwa huru unaopitwa na wengi Mombasa

MAELFU ya abiria huvuka Daraja la Nyali kila siku wakielekea Kisauni, Mtwapa na Malindi. Utingo anapoita "Kengeleni!", wahusika hushuka na kwenda zao. Ni wachache wanaojiuliza ni kengele ipi hiyo.

Mnara wa kengele hiyo ungali umesimama kando ya barabara, na hapo ndipo ziara ya Frere Town inapofaa kuanzia. Mgeni anashauriwa kutembea kwa miguu akiandamana na mwenyeji, kwani mengi ya mtaa huu hayakuandikwa ukutani. Atasimuliwa kwamba kengele ililizwa kuwatahadharisha wakazi kila wafanyabiashara wa watumwa walipoonekana wakija.

Asili ya mtaa ni mkataba wa mwaka 1873, ambapo Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali kufunga masoko ya watumwa. Aliyetumwa na Uingereza kumshawishi ni Sir Bartle Frere, na jina lake ndilo lililopewa makazi haya. Manowari za Uingereza zilipoyakamata majahazi baharini, swali lilizuka: waliookolewa wapelekwe wapi? Mwaka 1875 shirika la kimisionari la CMS, likiongozwa na Kasisi William Salter Price, lilianzisha makazi haya ng'ambo ya kisiwa.

Wengi wa waliofikishwa hapa walikuwa Wayao, Wamakua na Wanyasa, waliotekwa mbali na pwani. Waliungana na Waafrika waliokombolewa awali na kusomeshwa Nasik, India. Wawili kati ya hao, William Jones na Ishmael Semler, walitawazwa kuwa mashemasi mwaka 1885 na Askofu James Hannington.

Kutoka kwenye mnara, ziara huelekea Kanisa la Emmanuel, lililojengwa mwaka 1889. Wakati huo utumwa ulikuwa bado halali katika pwani hii. Haukupigwa marufuku hadi mwaka 1907.

Wapenzi wa Kiswahili wana sababu nyingine ya kuzuru. Hapa ndipo kwao James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934. Ni hapa pia alikozaliwa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025 na ambaye kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana?, kilianza mwaka 1966.

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Waasisi wa Frere Town hawakuziacha mila zao. Walinyang'anywa, pamoja na koo na majina yao. Kilichowabakia wajukuu wao ni mtaa huu na masimulizi yake. Wazee wanaoyahifadhi wanapungua, huku majengo mapya yakizidi kuuzingira mnara. Anayenuia kuyasikia kutoka vinywani mwao asikawie.